Askari Waliovuka Mto

Busia, Ijumaa, 1966

Mpaka huu wote, kuanzia Malaba, hakuna jenerali kama mimi. Wiki jana, katika mchezo wetu wa vita, niliwapiga Wajerumani mezani kwa rafiki yangu Salim mwenye duka. Leo tulipigana Burma, askari wa udongo, kitambaa cha buluu ndio mto. Daraja alilishika Salim, wangu wakakwama ng'ambo.

Jua likazama. Akaniambia, "Mzee, nilindie vita, naenda kuswali."

Aliporudi aliangalia meza. "Kumbe askari wako wanajua kuogelea, mzee." Akanimiminia chai, tukaendelea.

Kesho nitamwangalia vipi? Mwenzangu alikuwa anaswali, mimi nawavusha askari kwa mkono wangu.

Na bado alinishinda.