Viatu vya Mlangoni mwa Msikiti

Ijumaa, Ujiji

Wiki nzima vidole vya miguu vinaniwaka moto. Nimekanda kwa maji ya chumvi, nimesugua mawese, mke wangu anasema ni uzee. Uzee gani unaanza Ijumaa?

Leo tukitoka msikitini nikaviona viatu vyangu miguuni mwa Mzee Yusufu, mkimbizi aliyetembea kutoka Burundi hadi miguu ikamvimba. Kumbe nilivyovaa mimi ni vyake, vya aina ileile ila vidogo!

Kabla sijasema kitu akanishika mkono, machozi yanamlengalenga. "Alhamdulillahi, ndugu yangu, uvimbe umekwisha! Tangu Ijumaa iliyopita viatu havinibani tena."

Nikaitikia, "Alhamdulillahi."

Nikaondoka nikichechemea. Akaniita kwa huruma: "Vua viatu hivyo, vitakuua! Aliyekuuzia hamwogopi Mungu."