Wanaume wa Masaki Mikekani

Kisarawe, Alhamisi, Novemba 1936

Sina pa kuuficha uso. Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, alinitaka mimi karani wake taarifa ya kijiji cha Masaki: mihogo, visima, tabia za watu. Nilipita kwa baiskeli, nikaona wanaume wameketi mikekani asubuhi ya kulima. Sikushuka hata kusalimia. Nikaandika: "Wavivu."

Leo shangazi amekuja kutoka huko. Nikamwamkia, hakuitikia.

"Tulikuona ukipita. Nikawaambia, atashuka, haya ni matanga ya baba yake mdogo."

Sikujua kama baba mdogo amefariki. Lakini matanga nayajua! Nani kwetu hushika jembe tanga halijaondolewa?

Taarifa imeshakwenda Dar es Salaam. Bwana ameisifu.

Wavivu wale wamenitengea fungu langu la ubwabwa wa hitima. Liko mezani, nimeshindwa hata kulifunua.