Hondohondo wa Baba Yako

Kanamkemer, Lodwar

Namuria mwanangu, ejok.

Mvua imenyesha na mbuzi wana maziwa. Nakuandikia kwa sababu nikiongea kwa simu, baba yako husikia kila kitu. Haoni tena, lakini masikio ni yale yale aliyokufundishia ndege ukiwa mdogo. Kila asubuhi bado anakaa nje na darubini yake shingoni, akinitajia kila ndege anayelia kabla mimi sijamwona.

Mwaka huu hondohondo wametaga kwenye mgunga wetu. Jike alijiziba kwa matope ndani ya shimo, akaacha ufa tu ili mumewe amlishe. Baba yako alifurahi kama mtoto. Lakini dume alipotea, na nikiulizwa nasema, "Ameleta panzi." Nimezoea kudanganya tangu nilipomwambia nakuja Kakuma kukusalimia, kumbe tunamzika kaka yako. Daktari alionya kwamba moyo wa baba yako hautahimili. Akimuulizia Ejore, namwambia alipiga simu nikiwa sokoni.

Jana alinivua kitambaa, akapapasa kichwa nilichonyoa kwa ajili ya msiba.

"Mama Ejore," akasema, "dume akileta chakula humwita mkewe. Sijamsikia tangu utoke Kakuma. Leta wembe, uninyoe na mimi."

Nimemnyoa. Leo amenituma panzi, anataka tumlishe jike sisi wenyewe. Njoo, mwanangu. Wa kupanda mti alikuwa Ejore.

Mama yako,
Akuwam