Vishikio vya Fito za Papa

Jumapili, 9 Machi 1958

Leo nitaandika yote, hata yale niliyomficha Maman.

Mtumbwi wa mbao ambao Papa, baba yangu, alianza kuujenga uani kabla ya kwenda kazini mgodini umekamilika, isipokuwa vishikio vya fito za kuvulia. Nimevichora mwenyewe. Kishikio kinasimama wakati wa kuvua, kisha kinakunjwa kwa bawaba na kulala ubavuni, kasia lisikwame. Ufito ukikaa humo, hata mtu wa mkono mmoja anaweza kuvua.

Maana Papa sasa ana mkono mmoja. Rafiki yake ameandika kutoka Shabunda kwamba mashine ya mgodini ilimkata, na daktari ameokoa maisha yake.

Tonton Gaspari, fundi wetu, alicheka alipoona bawaba. "Mutoto ya masomo, hii iko mutumbwi ao iko kabati?" Kisha akachukua nyundo. "Aya, nipigilie ku upande gani?"

Nilimwambia sijui. Barua haikusema ni mkono upi. Tonton akaweka nyundo chini.

Maman hataki niulize. "Acha, ataandika yeye mwenyewe." Lakini siku zote Papa aliandika mwenyewe, na safari hii mwingine ameandika kwa niaba yake. Nikifikiri huenda umekatwa mkono wake wa kuandikia, nalia. Labda alikuwa dhaifu tu.

Kesho, kabla ya shule, nitapeleka posta barua yangu kwa Papa, bila Maman kujua. Nimemwomba anijibu mara tu atakapoipokea, hata kwa neno moja. Nimemwuliza: Papa, umebaki na mkono gani?