Mabaunsa na Mabishoo

9 Januari

Mpwa wangu,

Hujambo mama? Unakula vizuri? Na ile baridi yenu imepungua? Mimi sijambo, kifua kimetulia, goti linalalamika kama kawaida yake. Gereji nzima inakusalimu, hasa fundi rangi, ambaye mpaka leo anadai uliondoka na brashi yake.

Nimelimaliza lile gari. Ndiyo, lile la Kimarekani lililokaa juu ya mawe tangu ukiwa unavaa sare za shule. Silinda nane, milango miwili, boneti refu kiasi kwamba gari linafika kwanza, dereva anafuata baadaye. Ukilikanyaga linaondoka kama limetukanwa. Najua utasema ni baunsa, lina kifua halina akili. Sema tu. Hao mabishoo wako wa Ulaya, wanaotaka barabara iliyopigwa pasi na mafuta ya kifalme, hawana mngurumo wa kumfanya mtu mzima atabasamu peke yake.

Sasa la maana. Masikio yangu yanaondoka. Daktari anasema ni miaka arobaini ya kelele za ekzosi, na kabla mwaka huu haujaisha yote mawili yatakuwa yamefunga. Simu nimeacha kushika, naambulia miluzi tu. Wewe unajua mimi sipimi injini kwa mashine. Naegemeza bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini naubana sikioni, nasikia silinda ipi inadanganya. Kazi hiyo haiandikiki. Lazima tusimame pamoja, usikie wewe, nisikie mimi, niseme "hapo hapo". Nilikulea ili nikuachie hiyo, sina mwingine. Omba likizo uje nikiwa bado nasikia.

Mjomba wako


2 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Mimi ni mzima, baridi nimeizoea, navaa soksi mbili.

Barua yako imeniliza, halafu ikanichekesha pale kwa dereva anayefuata baadaye, halafu ikaniliza tena. Je, umejaribu daktari mwingine? Jaribu hata wa tatu.

Baunsa wako nampa hongera, ila usinichokoze. Kwenda mbele moja kwa moja hata jiwe likirushwa linaweza. Gari ni kona, Mjomba. Bishoo anaingia kona amelala chini, usukani unaushika kwa vidole viwili, na ukigusa breki anasimama palepale. Lako ukikanyaga breki ni kama umepeleka ombi ofisini, unasubiri majibu.

Juzi nimepewa gari moja jekundu la Kiitaliano, la viti viwili, paa lake linanifika kiunoni. Mwenyewe alilalamika limepoteza nguvu. Nikafungua boneti la mbele, nikashusha injini peke yangu, nikakuta valvu mbili zimeungua. Bosi alinipigia makofi mbele ya mafundi wote. Ndiyo maana likizo inakuwa ngumu, nikiondoka kazi inalala. Labda mwezi wa tano. Yatunze masikio, usisimame nyuma ya ekzosi.

Mpwa wako


27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba mama. Mimi mzima, na daktari wa pili kasema yaleyale, ila yeye kasema kwa upole.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Zako huwa nawasomea wote gereji kwa sauti. Hii nimeiweka mfukoni.

Umenishinda kwenye breki, nakubali. Na kona nakuachia. Lakini nimpende nani kama si baunsa? Akiharibika unamfungua kwa spana tatu na nyundo, na ukikosea anakusamehe, unarudia. Hao wako hawasamehe mtu.

Nikwambie na jambo moja. Mtu anaweza kukaa miaka bila kushika injini, na mikono isisahau. Nasema kuhusu mtu yeyote tu. Hapa kwangu hakuna atakayekuuliza cheti wala atakayekupima. Ovaroli lako la zamani nimelifua, linakusubiri. Mwezi wa tano ni mbali, ila nitajikaza.

Mjomba wako


15 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hujambo? Nisamehe kwa kukaa kimya. Likizo wamenikatalia, kuna mashindano ya magari na karakana imejaa. Huenda mwezi wa nane.

Halafu ile habari ya mtu kukaa miaka bila kushika injini. Mimi nashika injini kila siku. Kwa nini uliandika vile?

Mpwa wako


6 Julai

Mama,

Hujambo? Mimi naendelea, naandika kwa kifupi. Sikio la kushoto limefunga tangu Jumanne. La kulia bado lipo, hasa asubuhi. Sikuandika vile kwa ubaya, wala usiniwekee moyoni. Njoo upesi, mama.

Mjomba wako


3 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Nakuuliza hali na naogopa jibu.

Barua yako ya Julai imekaa kwenye koti langu mpaka imechakaa. Nimeshindwa kuijibu kwa sababu kila nikianza, uongo wa kuandika unaniishia. Basi nakwambia.

Mimi si fundi huku. Naosha magari. Walisema nianze hapo mwezi mmoja, na huu ni mwaka wa sita. Nina ndoo, sponji na kitambaa laini cha kukaushia. Sijaruhusiwa kushika spana hata siku moja. Hayo magari nayasukuma kwa mikono kutoka karakana mpaka kwenye bomba, kwa kuwa hata kuyawasha ni marufuku. Habari za kona nazisikia kwa mafundi wakinywa chai. Kiti cha dereva nakijua kwa kukifuta.

Na likizo ninazo, Mjomba. Nilikuwa nayo mwezi wa tano, nikawa nayo tena mwezi wa nane. Nilikaa chumbani siku zote kumi na nne nikitazama ukuta. Niliona nitafika, unikabidhi bisibisi mbele ya wote uliowaambia kuwa mpwa wako ni fundi mkubwa, uniulize nasikia nini, nisijue la kusema. Nikasema ngoja kwanza niibe ujuzi kwa macho, ndipo nije. Najichukia kwa hilo.

Tiketi nimekata, nafika tarehe kumi Oktoba. Sikio la kulia bado lipo? Niambie hilo tu.

Mpwa wako


24 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba, mama yangu. Mwili ni mzima. Futa machozi kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Nilijua. Nilijua tangu ile barua ya Februari. Gari la Kiitaliano la namna ile, la viti viwili na paa la kiunoni, injini yake iko nyuma ya viti. Mimi niliwahi kuletewa moja na mgeni mmoja, kabla wewe hujazaliwa. Nikafungua boneti la mbele kwa mbwembwe, wateja wamenizunguka, nikakuta sanduku la nguo za mwenyewe na viatu. Mtu aliyeishusha injini ile hawezi kukosea ilikokuwa. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Halafu nikakaa juu ya tairi nikalia. Kuosha magari si aibu, mimi mwenyewe nilianza na ndoo. Kilichoniuma ni kwamba uliniogopa mimi.

Ila kosa langu limezidi lako. Ningekuandikia siku ileile, "najua, njoo hivyohivyo". Nikaona nitakuvunjia heshima. Nikazungukazunguka na habari za mtu yeyote tu, nikingoja useme mwenyewe, nikajiona nina busara. Tumeoneana haya sisi wawili mpaka muda umetupita.

Sikio la kulia lilifunga Agosti, mwanzoni. Sikuwa na moyo wa kukuandikia. Kila asubuhi nilikuwa namwasha baunsa kuona kama bado namsikia, nikijiambia mpwa wangu akija leo atanikuta. Asubuhi hiyo nikazungusha ufunguo, kimya. Nikazungusha tena. Nikaitukana betri, nikamtukana aliyeniuzia. Fundi rangi akaja mbio, akanitoa mkono kwenye ufunguo, akanishusha, akauweka juu ya boneti. Lilikuwa linatetemeka. Lilikuwa limewaka muda wote, na mimi nilikuwa nazidi kuliumiza.

Basi ile kazi siwezi tena kukufundisha, na sitakudanganya kwamba tutaona cha kufanya. Watu wa gereji nimewaambia unaosha magari. Mmoja akauliza utafika lini, nadhani, maana alinyoosha kidole kwenye kalenda.

Siku hizi nakaa kwenye kile kiti cha ndani, uso kwenye meza ya vyuma, mgongo mlangoni. Ukifika usipige hodi, mama. Ingia tu, unishike bega.

Mjomba wako