Valvu ya Asende

Mujukuu wangu Neema,

Nakusalimia toka Baraka. Shangazi yako amejifungua mapacha. Unaniuliza: kama damu inapita tu, umbo la valvu ya moyo, ule mlango mdogo wa damu, lina kazi gani?

Nikiwa muuguzi kijana, alikuja Asende, muvuvi wa Ubwari, aliyeishiwa pumzi kila akivuta nyavu. Dokta alisema ni mapafu. Mimi nilisikia mvumo kifuani, nikamwambia: «Dokta, sikiliza tena, hapa juu.»

Alisikiliza, akamutuma hospitali kubwa ya ng'ambo ya ziwa. Kumbe valvu yake iko na vipande viwili, si vitatu kama ya watu wengi. Damu ilitoka kando kwa nguvu, ikapiga ukuta wa aorta, ule mshipa mkubwa, mpaka ukapanuka. Ni umbo ndilo linaongoza damu, Neema. Wakamutengeneza.

Mwaka uliofuata Asende alikuja akipiga kasia mwenyewe. Dokta akasema mbele ya bote: «Vifua vyote, huyu mama asikilize wa kwanza.»

Nilirudi nyumbani nikiimba barabarani, mimi mwenye haya.

Koko wako, Mama Riziki