Baba Hakujua Kuogelea

Mpendwa Noreen wa safu ya ushauri,

Nipokee hivi hivi nilivyo, kwani tangu asubuhi nazunguka jikoni, birika nalichemsha na chai siinywi, na mtu wa kumwambia sina, maana wote ambao ningewaambia ndio wahusika wenyewe.

Kazi yangu ni kubuni majalada ya vitabu, naishi Ballarat, na kila Ijumaa redio yetu ya mjini hunipa dakika chache niseme lolote lililonikaa moyoni, basi husema juu ya filamu niliyoiona, au kitabu kilichonichosha, au kwa nini birika zuri la dukani lazima lilowanishe meza kila likimimina, vitu vya kawaida tu, na watu wanapenda, wengine hunisimamisha sokoni kunigombeza kwa sababu ya viti nilivyovisema vibaya. Lakini maneno yaliyopendwa kuliko yote ni yale ya Port Warrell, ufukweni tulikokuwa tukienda kila Krismasi utotoni, na karavani yetu ya kukokotwa na gari chini ya miti, na mchanga unaounguza nyayo mpaka unakimbia kama kuku, na dawa nyeupe ya jua puani, na chipsi zenye siki ndani ya karatasi, na siku ile nikiwa na miaka sita maji yaliponivuta, baba akaja akiogelea na kofia yake ya pama kichwani, hakuivua, akanidaka, nikaisikia sauti yake sikioni, "Tulia, Mez, nimekushika togs, huendi popote," kisha nikawa mchangani nimefunikwa taulo, natetemeka na kula chipsi.

Baba alifariki kwa ugonjwa wa moyo mwaka uliofuata. Noreen, hiyo ndiyo kumbukumbu pekee niliyo nayo ya baba akiwa hai. Picha ninazo, lakini picha haikushiki.

Sasa kuna mchapishaji mdogo aliyenitaka nikusanye maneno yangu ya redioni yawe kitabu, nikakubali kwa furaha, na jalada nikalibuni mwenyewe, bahari tupu ya buluu na kofia ya pama juu yake. Kofia hiyo imenitesa kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, naichora naifuta, naisogeza kulia naisogeza kushoto, na kila nikiitazama naiona kama imetoka dukani leo hii, haina kichwa cha mtu ndani yake. Nikadhani ni uchovu.

Jumapili nikaenda kwa kaka yangu Garth, soseji ziko motoni, nikamwonyesha jalada nikingoja anisifu.

"Kofia nzuri," akasema. "Lakini Mez, si unajua ile ni sinema?"

"Sinema gani?"

"Ile ya ukumbini Port Warrell, siku ya mvua. Walitundika shuka ukutani. Meli inazama, binti yuko majini na gauni lake refu, jamaa anaruka na kofia kichwani. Ulilia mpaka mama akakutoa nje, na soda yangu ukaimwaga."

"Acha zako, Garth."

"Zangu zipi? Baba hakujua kuogelea. Kazi yake ilikuwa kulinda mataulo. Mtu wa Queensland mzima, anaogopa maji yakipita goti. Hata bathers zilimshinda kuzitaja, yeye togs, togs, ufuo mzima unamcheka. Umesahau?"

Mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza, nikaona.

Sikusahau. Sisi wa jimbo la Victoria vazi la kuogelea ni bathers, kwao Queensland ni togs, na pale karavani hakuna aliyesema vingine ila baba, watoto wa jirani walimwiga mpaka akawa anawaiga wao. Ubaya ni kwamba Garth alipotaja shuka, nikaliona shuka. Nikaiona meli. Nikamwona na yule jamaa, Noreen, na kofia yake ni ile ile niliyoichora. Nikala soseji yangu, nikaendesha gari mpaka nyumbani, na tangu hapo sina raha.

Kitabu kinaenda mtamboni mwezi ujao. Mama yetu, Lorna, yuko katika nyumba ya wazee huko huko pwani, yale maneno ameyarekodi na huwasikilizisha wenzake, hajawahi kusema ni kweli wala si kweli, hutabasamu tu. Nikimuuliza akaniambia halikutokea, nitakuwa nimempoteza baba mara ya pili, tena kwa mkono wangu. Nisipomuuliza, nitauza uongo wenye sura ya baba yangu. Nikiyaondoa kitabuni, mama atataka kujua kwa nini. Nimekwama, na kibaya zaidi, naogopa kufumba macho nimkumbuke, nisije nikamwona mwigizaji. Nifanye nini?

Merrin Pascoe, Ballarat

*

Merrin,

Kunywa kwanza hiyo chai, imekuwa sumu sasa. Pole sana. Mtu aliyebakiwa na kumbukumbu moja ya baba yake ana haki ya kuilinda kama mboni ya jicho, na kaka yako angeweza kuchagua siku isiyo na soseji.

Pole imekwisha, sasa nikugombeze. Wewe unayejua birika litavuja kwa kulitazama tu dirishani, hujawahi kujiuliza ni kofia gani ya pama inayobaki kichwani mwa mtu anayeogelea kwenye mawimbi? Umelelewa ufukweni wewe? Mkono wako ulilijua hilo kabla yako, ndiyo maana kofia ikakataa kukaa. Hiyo ni kofia ya sinema. Kaka yako hajakosea hapo, mrudishie kofia yake na umwombe radhi ya soda.

Lakini barua yako nimeisoma, nikaisoma tena, na kuna neno umeliruka kama mtu anayeruka dimbwi. Mwenye macho haambiwi tazama, ila wewe itabidi nikuambie. Baba yako alisema, "Nimekushika togs." Binti wa kwenye meli alivaa gauni refu, Garth mwenyewe kasema, na sidhani ana sababu ya kubuni gauni lisilokuwepo. Watu wa meli zinazozama hawana togs, mpenzi. Na pale Port Warrell mlipokuwa, mwenye neno hilo kinywani alikuwa mtu mmoja tu, tena akichekwa kwalo. Niambie basi, lile shuka lililitoa wapi?

Sinema ilikupa kofia. Sauti haikukupa. Mtoto akibaki na kumbukumbu yenye tundu hushonea kiraka cha kitambaa chochote alicho nacho karibu, na wewe wiki ile ulikuwa na kitambaa cha ukumbini. Kiraka hakifanyi nguo yote kuwa ya kuazima.

Siapi, mimi sikuwepo. Aliyekuwepo ni Lorna, yuko hai, ana masikio na meno, na wewe umekaa Ballarat unamwandikia mwanamke wa gazetini asiyemjua hata paka wako. Hilo ndilo linaloniudhi. Kuuliza si ujinga, na umri wa mama yako haukungoji umalize kuchora.

Kwa hiyo Jumamosi chukua keki ile ya nazi anayoipenda, maana sijaona mama wa umri wake asiyeipenda, uende. Maneno ya Garth yaache kwenye gari. Usimuulize kama ni kweli, kwa kuwa mama akiona macho ya mwanawe yanaomba, atasema ndiyo hata kwa tembo aliyeruka. Muulize tu, "Mama, siku ile baharini, baba alinishika wapi?" Kisha funga mdomo. Usimsaidie, usimkumbushe, usitaje togs. Mwache atafute mwenyewe.

Akisema hajui unazungumza juu ya nini, yale maneno yaache kitabuni na uongeze wazi kwamba palikuwa na shuka ukutani. Mtoto aliyempenda baba yake kiasi cha kumwingiza kwenye sinema hajaiba kitu cha mtu. Akijibu, basi umejibiwa. Kwa vyovyote vile, kofia itoke jaladani. Ni mbaya, nimeiona kwa maelezo tu.

Noreen

*

Merrin ameniandikia tena, na kwa ruhusa yake naichapisha barua hiyo kama ilivyo, nami sina la kuongeza.

Noreen,

Nilienda, na keki. Nikamuuliza vile vile ulivyosema nikafunga mdomo, ingawa ulimi uliniwasha.

Mama akaweka kikombe chini. "Mkanda wa begani," akasema. "Ukakatika. Nikakushonea kwa uzi mweusi kwa kuwa wa njano sikuwa nao, na wewe mwenye maringo ukakataa kuivaa nguo ile tena."

Nililia pale pale, Noreen, keki mkononi, mpaka mhudumu akaja kuuliza kuna nini, mama akamwambia, "Hana kitu, anafurahi, hulka yake." Na kweli nilikuwa nafurahi. Niliporudiwa na pumzi nikamuuliza kama baba aliogelea.

"Nani, Des? Des hakujua kuogelea hata kidogo. Alitembea. Na suruali yake, na viatu, anatembea tu anakuita, maji yakamfika hapa." Akagusa kidevu. "Nikasema moyoni, leo nawapoteza wote wawili."

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hii hakuna aliyenena. Akakunja kitambaa cha mezani akakikunjua. Siku ile walikuwa wametandika mataulo nje ya bendera zinazoonyesha mahali salama pa kuogelea, mbali na waokoaji, kwa sababu kwenye bendera hapakuwa na kivuli. "Na mimi ndiye niliyetaka kivuli," akasema. "Tuliwaimbia ninyi kila siku, baina ya bendera, baina ya bendera, halafu sisi wenyewe! Garth alikuwa kwenye foleni ya chipsi, hakuona. Baba yako akasema, Lorna, hili tusiliseme, watu watakulaumu. Na hakulisema mpaka alipokufa."

Nikamwambia hakuna wa kumlaumu sasa, nami ndiye niliyevutwa na maji, kwa hiyo kama kuna mwenye kinyongo ningekuwa mimi, na sina. Akaomba kipande kingine cha keki. Mabega yalimshuka kama aliyetua ndoo.

Garth nilimpigia simu nikiwa bado kwenye maegesho. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia. "Mzee alitembea?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akakata simu. Nikiwa njiani akapiga tena. "Na viatu?"

"Na viatu."

"Na huyo ndiye niliyekuwa namwita mlinzi wa mataulo," akasema. Jumapili tunakutana kwake tena, nampelekea soda.

Kofia nimeitoa. Jalada sasa ni bahari ile ile, na mkanda mwembamba wa njano ulioshonwa kwa uzi mweusi, vibaya, kama mama alivyoshona. Nililimaliza kwa mkupuo mmoja na halijanisumbua tangu hapo. Ndani nimesahihisha, baba anatembea, na neno lake nimeliacha kama alivyolisema.

Ila kuna kitu kimoja nilichomuuliza mama mlangoni, nikiwa nimeshavaa koti. Nilisema, "Mama, yale maneno umeyasikia mara zote hizo. Mbona hukunisahihisha niliposema aliogelea?"

"Alitamani sana kujua, mwanangu," akasema. "Nikaona acha, angalau redioni aogelee."